Kizimba cha sungura Mombasa: tafuta kivuli kwanza, mbao baadaye

Sungura wetu wa kwanza alikufa mwezi wa Februari, saa nane mchana, ndani ya kizimba kipya cha chuma chenye paa la bati. Muuzaji alikisifu kwamba hakiozi wala hakiliwi na mchwa, na hilo lilikuwa kweli. Mimi nikakipandisha juu ya paa la zege kwa kuwa ndiko kulikokuwa na nafasi. Binti yangu ndiye aliyemkuta amelala ubavu, masikio mekundu, kidevu kimelowa mate, anahema mbio mbio. Nilipogusa lile bati niliutoa mkono hapo hapo. Tulimlowesha masikio kwa maji, tukampepea, na adhana ya alasiri haikumkuta.

Tangu hapo mtu akiniuliza anunue kizimba gani, namuuliza kwanza atakiweka wapi. Sungura hatoki jasho; joto lake hulitoa zaidi kwa masikio. Hewa ikishapita nyuzi 30 anaanza kutaabika, na Mombasa mchana wa Februari na Machi hufika 32 au 33, tena na unyevu wa bahari juu yake. Ushauri mwingi wa sungura umeandikwa na watu wa nchi za baridi, wanaohangaika mnyama asigande. Sisi hangaiko letu ni kinyume chake.

Kabla hujatoa shilingi, chukua chaki uende uani. Weka alama pale kivuli kilipo saa nne asubuhi, saa saba na saa kumi. Sehemu iliyo kivulini mara zote tatu ndiyo ya kizimba. Chini ya mwarobaini au mwembe ni pazuri sana. Kisha fikiria upepo. Wakati wa joto, Desemba hadi Machi, upepo wetu ni kaskazi, unatoka kaskazini mashariki. Basi upande wa waya uelekee huko, mnyama apate hewa pale anapoihitaji zaidi. Kusi inakuja Aprili ikitokea kusini mashariki, na mvua ya Mei huja nayo kwa kupiga ubavuni. Upande huo uzibwe kwa mbao. Magharibi nako uzibe, maana jua la alasiri halina huruma. Mwenye kuishi ghorofani na roshani yake inatazama magharibi, namsihi asimweke sungura huko hata kwa kumtundikia pazia. Amweke ndani.

Mbali na hapo, epuka moshi wa jiko la makaa na mahali ambapo mbwa wa jirani hufika akiwa kwenye kamba yake.

Sasa vizimba vyenyewe, kuanzia ninachokipenda zaidi.

Cha kwanza ni kizimba cha mbao cha kuagiza kwa fundi seremala. Kinakaa uani, kinatengenezwa kwa kipimo chako, na kikiharibika fundi yuko hapo hapo mtaani. Kwa sungura mmoja wa kilo 3 hivi, usikubali chini ya urefu wa sentimita 150, upana wa 60, na kimo cha 60 ili aweze kusimama kwa miguu ya nyuma bila masikio kukunjika. Hapo ni pa kulala na kujificha tu. Watetezi wa sungura kule Uingereza wanataka jozi moja iwe na eneo la mita 3 kwa 2, kimo mita 1, wakati wote. Kwenye nyumba zetu si rahisi, kwa hiyo mimi huwafungulia uani asubuhi mapema na baada ya magharibi, saa ambazo wenyewe huchangamka.

Pesa nyingi itaingia kwenye waya, na hapo usibane. Nunua waya mwenyewe kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa mita, halafu umlipe fundi kazi yake. Taka waya wa mraba uliochomelewa, uliopakwa zinki, matundu ya nusu inchi. Waya wa kuku wenye matundu ya pembe sita ni rahisi, lakini mbwa huupasua, panya mdogo hupenya, na kwa hewa yetu ya chumvi ukiwa mwembamba hivyo huliwa na kutu upesi. Paka wa mtaani naye hahitaji kuingia. Akitia kucha tu usiku kucha, sungura anaweza kufa kwa hofu. Kunguru nao wanawavizia watoto wa sungura, kwa hiyo juu pafunikwe vizuri.

Sakafu ndipo mafundi wengi hukosea, kwa kuwa wamezoea kizimba cha waya mtupu ili mavi yadondoke. Nyayo za sungura hazina vifuniko vya ngozi ngumu kama za paka, ni manyoya tu, na waya humchubua mpaka zikatoa vidonda. Mwambie fundi nusu iwe waya, nusu iwe mbao iliyolainishwa kwa randa, na juu ya mbao uweke nyasi kavu. Chini pawe na bati la kuchomoa, uoshe kila siku. Mkojo wa sungura ukikaa hutoa harufu kali ya amonia inayomharibu mapafu, na kwenye joto letu harufu hiyo haichukui muda kupanda.

Miguu iwe ya boriti za mkoko kama unazipata, maana mchwa hawaziwezi, na kimo kiishie kwenye paja lako. Isimamishe kila moja ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari. Siafu wakiingia kizimbani usiku, mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Paa, makuti. Hakuna kitu kizuri zaidi ya makuti. Ukilazimika kutumia bati, weka makuti juu yake na uache nafasi ya hewa kati yake na dari ya mbao. Mlango ufungwe kwa komeo, si kwa waya wa kusokota, na uwe mpana wa kukupitisha mikono miwili ukimshika.

Jambo la paleti. Mji wenye bandari hauishiwi paleti, na fundi atakushawishi kwa bei. Tazama muhuri uliochomwa kwenye mbao. Ukiona HT, zilitibiwa kwa joto, hazina neno. Ukiona MB, zilifukizwa kwa gesi ya sumu, ziache. Zisizo na muhuri, au zenye madoa ya mafuta, ziache pia, kwa sababu sungura atazitafuna. Meno yake hayaachi kukua. Kwa sababu hiyo hiyo, usipake rangi ndani.

Cha pili, na kwa mkazi wa ghorofa ndicho cha kwanza, ni uzio wa waya unaosimama sakafuni ndani ya nyumba, na sanduku la mbao la kujificha. Sakafu ya simiti au vigae ni baridi, na sungura mwenyewe hulala juu yake kifudifudi akiwa amenyoosha miguu. Mpe mkeka pembeni asiteleze. Kimo cha uzio kisipungue sentimita 90, na nyaya zote za umeme ziwe mbali. Gandisha chupa ya maji mapema; stima ikipotea mchana na feni ikazimika, uifunge kitambaa, uiweke ndani. Atakwenda kuiegemea mwenyewe.

Cha tatu ni vile vizimba vya dukani vya waya wenye trei ya plastiki. Vinapendeza, ila vingi ni vidogo. Vinafaa kumpeleka kwa daktari wa mifugo au kumtenga akiumwa, tena kuwatenganisha ikiwa una dume na jike, maana mimba ni siku 31 tu na utashtukia umekuwa na kijiji. Kwa kuishi siku zote, hapana.

Vizimba vya wafugaji wa nyama vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, waya juu na chini, sivipendekezi kwa mnyama wa watoto. Tanki la kioo nalo ni la samaki. Na kile cha bati nimeshakieleza.

Ukipata cha mkono wa pili, kagua pembe za sakafu kwanza, ndipo kutu na uozo huanzia. Ukoko mweupe wa mkojo hautoki kwa sabuni. Mwagia siki, uache robo saa, usugue kwa brashi. Kisha kianike juani siku mbili, kikiwa kitupu.