Nyaya za amplifaya na spika: upi ununue, upi uuache dukani

Kabla hujalipia waya wa spika, omba ncha yake uikwangue kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona wekundu juu na weupe chini yake, hiyo ni alumini iliyovishwa shaba, na kwenye boksi huandikwa CCA kwa herufi ndogo, kama imeandikwa kabisa. Mimi nilijifunza hilo nikiwa nimeshabeba roli nzima nyumbani. Ilikuwa nyepesi mno mkononi, nikadhani nimepata waya mzuri kwa bei ya kutupa.

Namba moja kwangu ni waya wa shaba tupu wenye nyuzi nyingi laini, unene wa milimita za mraba 2.5. Mafundi huuita tu "mbili nukta tano". Sababu yake ni hesabu ndogo. Ukinzani wa waya wote, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu (kipimo cha ukinzani) za spika. Shaba ya 2.5 ina takriban omu 7 kwa kila kilomita, kwa hiyo spika iliyo mita 10 kutoka kwenye amplifaya inatumia mita 20 za waya, sawa na omu 0.14. Hata spika ya omu 4, ambayo mwisho wake ni 0.2, inapita bila shida. Ukinunua huu hutarudi dukani hata ukibadilisha spika au ukahamia kwenye sebule kubwa zaidi.

Namba mbili ni shaba ileile ya 1.5. Kwa spika za omu 8 na umbali wa mita chache huwezi kusikia tofauti yoyote, na waya wenyewe unapindika vizuri nyuma ya kabati. Kwa umbali uleule wa mita 10, kwenda na kurudi, huu unakula karibu omu 0.24: kwa omu 8 ni sawa, kwa omu 4 umeshavuka mpaka.

Namba tatu itawaudhi wauzaji: waya wa kawaida wa umeme, ule laini wa nyuzi nyingi unaotumika kwenye pasi na ekstensheni. Shaba ni shaba. Kasoro yake ni kwamba rangi za ndani zinaweza kukuchanganya, na ganda lake ni nene. Ila usichukue ule mgumu wa waya mmoja unaopita ukutani. Ukiukunja mara kadhaa unakatika ndani ya ganda, na utahangaika kutafuta kwa nini spika inakohoa.

CCA naiweka namba nne, si ya kutupa. Ya 2.5 inafanya kazi kama shaba ya 1.5 hivi, basi ukiipata kwa bei nafuu nunua nene zaidi na uitumie kwa umbali mfupi. Balaa ni kuinunua kwa bei ya shaba. Wa mwisho ni ule uzi mwembamba unaokuja bure na spika: kwa mita mbili tatu utaimba, zaidi ya hapo besi inaanza kulegea. Nyaya za bei ya amplifaya nzima sijazipa namba.

Plagi za banana, zile pini za kuchomeka zinazofungwa kwenye ncha ya waya, ninunue au nisinunue? Kama unachomoachomoa spika, nunua. Kama spika zitakaa pale miaka, waya mtupu uliosokotwa na kukazwa kwenye skrubu unatosha, mradi ganda ulilomenya lisizidi sentimita moja na usiache hata unywele mmoja wa shaba nje. Unywele mmoja ukigusa upande wa pili ni shoti, na amplifaya isiyo na kinga inaweza kuunguza transista zake papo hapo. Zima kila kitu kabla ya kushika waya. Hakikisha pia nyekundu inakwenda kwenye nyekundu pande zote mbili. Ukigeuza spika moja tu, hakiungui kitu, lakini besi inapotea na mwimbaji hujui amesimama wapi. Kama alama zimefutika, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya wa spika kwa sekunde moja: koni ikiruka kwenda nje, upande wa chanya wa betri ndio chanya ya spika.

Kwa upande wa runinga, kama amplifaya yako na runinga zote mbili zina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, yaani linalorudisha sauti ya runinga kwenye amplifaya, nunua waya wa HDMI wa kawaida na umalize. Kwa kawaida rimoti ya runinga itapandisha na kushusha sauti ya amplifaya. Pasipo ARC, chukua optiko, ule waya mwembamba unaopitisha mwanga mwekundu. Hapa watu hurudisha nyaya nzima dukani bure: sauti haitoki, kumbe runinga inatuma Dolby Digital, sauti iliyobanwa kwa mfumo wa sinema, na amplifaya ya stirio haiielewi. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua PCM, yaani sauti isiyobanwa, na sauti itatoka. Faida ya optiko ni kwamba haina shaba, kwa hiyo haiwezi kuleta ule mvumo wa umeme kati ya vyombo viwili. Tundu la hedifoni kwenda RCA, yale matundu ya duara mekundu na meupe ya amplifaya, ni chaguo la tatu. Pandisha sauti ya chombo karibu na mwisho, kisha shusha kwenye amplifaya, la sivyo utasikia mchakacho wa hewa tu.

Bluetooth ni ya wageni wanaotaka kupiga wimbo mmoja. Kwa filamu, midomo inaweza kutangulia maneno.

Santuri ndiyo yenye masharti. Sindano hutoa milivolti chache tu, na besi ilipunguzwa makusudi wakati wa kuchonga sahani, ndiyo maana inahitaji tundu la PHONO linalokuza mara 100 hivi na kurudisha besi. Ukiichomeka AUX, tundu la kawaida lisilokuza hivyo, utasikia sauti ya mbali, nyembamba kama ya simu. Ukichomeka CD kwenye PHONO, ni kelele za kukwaruza. Kama amplifaya haina PHONO, nunua priamplifaya ya santuri, au angalia nyuma ya mashine: nyingi za siku hizi zina swichi ya kuchagua PHONO au LINE. Na ule waya mwembamba mmoja wenye kijiuma usioujua ni wa nini, ni wa ardhi. Ukaze kwenye skrubu ya GND ya amplifaya. Ukiuacha ukining'inia, utasikia mvumo kabla hata sindano haijagusa sahani.