Sabuni ya kuoga: geuza karatasi kabla hujanusa

Hapa Kondele, Kisumu, mtu akienda kununua sabuni hufanya mambo mawili: ananusa, kisha anauliza kama inatoa povu. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku nilipokwaruza muundi kwa ukucha nikaona mstari mweupe kama wa chaki. Kumbe povu na marashi ndivyo vilivyokuwa vikinipausha.

Povu jingi hutokana na mafuta ya nazi na ya kokwa za mawese. Nyuma ya karatasi yameandikwa sodium cocoate na sodium palm kernelate. Husafisha kwa nguvu, yakang'oa uchafu pamoja na mafuta ya ngozi yenyewe. Tena sabuni halisi, hata ile ya mtoto, huwa na pH (kipimo cha uasidi) ya 9 hadi 10, ilhali ngozi iko karibu na 5.

Namba moja kwangu ni kipande ambacho, kusema kweli, si sabuni bali kisafishaji kingine cha kiwandani. Orodha yake huanza na sodium cocoyl isethionate au sodium lauroyl isethionate, na pH yake hukaribia ya ngozi. Mwenye ukurutu aanzie hapo. Kasoro ni bei, na ukikiacha kwenye maji kinageuka uji.

Namba mbili ni sabuni yenye gliserini. Hii huzaliwa yenyewe mafuta yanapokutana na kostiki soda, ila viwanda vingi vikubwa huitoa na kuiuza kando. Kazi yake ni kuvuta unyevu. Ndiyo maana msimu wa mvua, kwa hewa yetu hii ya ziwani, kipande chake hutoa vitone kama kinatokwa jasho. Usidhani kimeharibika. Ukinunua ya kutengenezwa nyumbani, muulize muuzaji ameikausha wiki ngapi. Ya kupikwa bila moto huhitaji nne hadi sita. Akibabaika, nenda meza inayofuata.

Namba tatu ni hizi za kawaida za kila duka. Hazina ubaya kwa ngozi isiyo na shida, mradi ujipake mafuta mwili ukiwa bado na majimaji. Kama unawashwa, chagua isiyo na parfum, yaani marashi, kwenye orodha.

Namba nne, za "kuua viini". Mwaka 2016 Marekani ilipiga marufuku dawa za kuua viini triclosan na triclocarban katika sabuni za kunawa za nyumbani, kwa sababu watengenezaji hawakuonyesha kuwa zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Unalipia jina tu.

Mche wa kufulia unaokatwa kwa kisu dukani ni wa nguo, hata kama shangazi anaapa kwamba ameuogea tangu utotoni.

Za kung'arisha ngozi sizipi namba. Baadhi hutiwa zebaki, ambayo hupenya mwilini na kuharibu figo, na mara nyingi karatasi haisemi. Ukiona mercury, calomel au mercurous chloride, au muuzaji akikuahidi weupe kwa wiki moja, rudisha mezani.