Kujaza boza la mafuta: kwa juu au kwa chini?

Kwa juu, utingo hupanda kwenye tangi, hufungua mfuniko na kushusha bomba. Njia hii inafaa karibu kila lori, hata kuukuu, lakini inataka nidhamu. Bomba lifike karibu na sakafu ya tangi, na mafuta yaanze polepole mpaka mdomo wake uzame. Yakidondoka kutoka juu hurukaruka na kuzalisha umeme tuli, huku mvuke ukimpanda mpakiaji usoni. Hatari inayonitisha zaidi ni kuweka dizeli kwenye chumba cha tangi kilichotoka kubeba petroli: mvuke uliobaki unaweza kulipuka kwa cheche moja. Na kuna kuanguka, maana bati lenye mafuta huteleza.

Kwa chini, mpakiaji husimama ardhini na kuunganisha mpira wa mafuta kwenye vali iliyo chini ya tangi. Mifuniko hubaki imefungwa, mvuke hurudishwa kwa bomba lake, na kihisi hukata mafuta kabla chumba hakijafurika. Gharama ya vali na vihisi ipo, lakini mimi ningeilipa bila kusita.

Kwa njia zote mbili, waya wa ethi, unaopeleka umeme tuli ardhini, hufungwa kwanza na kufunguliwa mwisho.