Skupu ya kubebea wagonjwa kwenye boti, Ukara mpaka Bugando

Naandika kuhusu ile machela ya skupu tuliyochanga tukanunua kwa ajili ya wagonjwa wa kisiwa chetu cha Ukara, ile ya alumini inayogawanyika vipande viwili kwa urefu, maana nasikia na visiwa vingine wanataka kununua na watu wanauliza kama inafaa kwenye boti au ni kitu cha mjini tu. Inafaa, tena sana, kwangu mimi ingekuwa ni kuchagua kati ya hiyo na injini kubwa zaidi ningechagua skupu.

Hebu hesabuni njia ya mgonjwa wa rufaa. Anatolewa kitandani kituo cha afya Bwisya anapandishwa gari au guta, mwaloni anaingizwa kwenye boti, Bugolora, ng'ambo kisiwani Ukerewe, anashushwa anapandishwa gari tena mpaka hospitali ya wilaya Nansio, hapo kitanda kingine, ikionekana ni wa Bugando, hospitali ya rufaa Mwanza, basi gari tena, halafu meli ya masaa 3 hivi mpaka Mwanza mjini, ambulensi, ndo kitanda cha Bugando. Yaani kanyanyuliwa na kulazwa mara 8 nzima kabla bingwa hajamuona, na pale pale kwenye kunyanyuliwa ndo dripu inachomoka, mpira wa oksijeni unakanyagwa, mfupa uliovunjika unachoma nyama kwa ndani. Watu wanaogopa mawimbi, na kweli sisi wa huku baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka 2018 nani asiogope, ila mimi kinachonitia hofu zaidi ni pale boti ishafika salama na watu wako majini mpaka kiunoni kila mmoja anavuta blanketi upande wake. Nimeona boti moja, sitaji jina, kaka wa watu kavunjika paja, wanaume wanne wenye nguvu kabisa na nia njema wakamnyanyua kwa blanketi, wawili wakatangulia wawili wakachelewa, akajikunja katikati, ule ukelele aliopiga sijausahau.

Sasa skupu inavyofanya kazi. Unaiweka pembeni ya mgonjwa unarekebisha urefu kwanza, halafu unaigawa, kila kipande kinaingia kwa upande wake mgonjwa akiinuliwa ubavu kidogo tu, ni kama mikono miwili inavyoingia chini ya mtoto aliyelala. Unafunga klipu ya kichwani, kisha ya miguuni, unaivuta kidogo kuhakikisha imeshika, mikanda, basi. Mwenye paja au nyonga iliyovunjika hageuzwigeuzwi. Na kitu ninachokipenda kuliko vyote, ukishamlaza kwenye godoro unaigawa tena unaitoa, mgonjwa habaki juu ya chuma safari nzima, maana kumlaza mtu masaa kwenye kitu kigumu ni kumtafutia vidonda.

Mabaya yake yapo. Ikiachwa mwaloni saa saba mchana alumini inaunguza kweli kweli, tandika kanga au iwekwe kivulini. Ukifunga kwa pupa inabana nywele na ngozi ya mgongo, kwa hiyo mtu mmoja apitishe kiganja chini kabla klipu haijalia. Na bila godoro kwenye boti ya mbao haina maana, mataruma, zile mbao za mbavu za boti, yatamuumiza tu, sisi tunatandika godoro la sponji lenye kava la plastiki katikati kuelekea nyuma, kule mbele boti inadunda sana.

Jambo jingine naomba mnisikilize vizuri, mikanda imfunge mgonjwa kwenye machela wakati wa kubeba, lakini mkiwa majini msimfunge mgonjwa wala machela kwenye boti kwa kamba. Boti ikipinduka anaenda nayo chini. Avae jaketi okozi kama wengine na mikanda iwe ya kufunguka kwa mkono mmoja.

Mjamzito mwenye mimba kubwa msimlaze chali hata kama skupu imenyooka vizuri, mimba inakandamiza mshipa unaorudisha damu kwenye moyo presha inashuka, wekeni kanga zilizokunjwa upande wake wa kulia ili aegemee kushoto. Halafu kwa wajawazito na vichanga pigeni 115 mapema, ndo namba ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura, ni bure, usafiri uanze kutafutwa wakati nyie mnamwandaa. Oksijeni nayo ipigwe hesabu kabla ya kuondoka: mtungi wenye lita 340 ukitumia lita 5 kwa dakika unaisha kwenye dakika 68, hapo Mwanza hata hamjaikaribia. Na mtungi ukae mbali na petroli, mtu asiwashe sigara.

Wenzetu wa Sengerema tangu daraja la Kigongo-Busisi lizinduliwe Juni 2025 hawasubiri tena kivuko usiku na mgonjwa ndani ya gari, nafurahi kwa ajili yao kutoka moyoni. Sisi wa visiwani bado tunabebana, kwa hiyo tubebane vizuri. Skupu peke yake haitoshi kama hakuna mmoja wa kutoa amri, akae kichwani mwa mgonjwa, yeye tu ndo ahesabu moja mbili tatu, hata kama mwenye boti ni mzee wake, na kila mkishamlaza muangalie upya dripu, mpira, na anavyopumua kabla hamjaondoka.

Mkiagiza, yetu ina kilo 8 hivi na imeandikwa inabeba mpaka 159, watu wanne wanaibeba bila shida. Kabla hamjalipa muulizeni muuzaji kama anauza mikanda peke yake, maana kwa maji na mchanga wa mwaloni mikanda ndo inaanza kuchoka, klipu za alumini ukizisuuza kila safari zinakaa.