Meninga au Bellamy: nani kocha zaidi?

Wote wawili waliichezea Canberra Raiders ya Australia, kwenye raga ya wachezaji 13. Mal Meninga alikuwa nahodha, akanyanyua ubingwa 1989, 1990 na 1994. Craig Bellamy hakuwa nyota. Fainali ya 1990 aliingia akitokea benchi.

Kwenye ukocha wa klabu kibao kikageuka. Meninga aliinoa Canberra 1997 hadi 2001, kombe hakuna. Bellamy alichukua Melbourne Storm 2003 na kuijenga ikaogopwa, ingawa mataji ya 2007 na 2009 yalifutwa kwa kukiuka ukomo wa mishahara ya wachezaji.

Ila kwenye State of Origin, mashindano ya kila mwaka ya majimbo mawili ya Australia, Queensland ya Meninga iliichapa New South Wales ya Bellamy mara tatu mfululizo, 2008 hadi 2010, tena ikiwa na Cameron Smith na Billy Slater, vijana wa Bellamy mwenyewe kule Melbourne! Kazi ya kila wiki ya klabu, mimi nampa Bellamy.