African Storybook katika maktaba ya skuli ya msingi: tathmini ya mkutubi wa Pemba

Makabati ya vitabu yaliyotiwa kufuli ni jambo la kawaida katika skuli nyingi za msingi za Unguja na Pemba, na anayeyafunga si mtu mbaya. Mkutubi wa skuli ya msingi mara nyingi ni mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo na daftari juu ya vipindi vyake vya kawaida, na kila kitabu kilichomo kabatini yeye ndiye dhamana wake mbele ya mwalimu mkuu. Kikipotea au kikirudi bila ya jalada, yeye ndiye wa kuulizwa. Akiazimisha anajitia mashakani, na asipoazimisha vitabu vinabaki vipya na watoto wanabaki hawasomi. Kwa hivyo huduma yoyote inayojinadi kuwa inaleta vitabu kwa watoto mimi huipima kwanza kwa swali moja: itamwezesha mkutubi kulifungua kabati, au itamwongezea tu vitu vya kulinda?

African Storybook ni hazina ya hadithi za watoto inayopatikana bure katika intaneti. Iliasisiwa na Saide, taasisi ya Afrika Kusini inayoshughulikia elimu ya masafa, na tovuti yake ilizinduliwa mwaka 2014. Majaribio ya mwanzo yalifanyika Afrika Kusini, Lesotho, Kenya na Uganda. Tanzania haikuwamo, na athari ya jambo hilo nitaieleza mbele. Hadithi zake zimo katika lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zenye hadithi nyingi, na zote hutolewa kwa leseni ya Creative Commons, ambayo inamruhusu mtu kupakua, kuchapisha, kufasiri na hata kubadilisha hadithi bila ya kulipa wala kuomba ruhusa, mradi majina ya mtunzi, mchoraji na mfasiri yabakie. Baadhi ya leseni hizo zinakataza biashara, kwa hivyo anayefikiria kuuza vijitabu asome kwanza ukurasa wa mwisho. Nimepata kuviona vijitabu vilivyotolewa kopi vikaachwa ukurasa huo ili kuokoa karatasi. Naona huko ni kumdhulumu mtu aliyetoa kazi yake bure na asitake zaidi ya kutajwa.

Hadithi zimepangwa katika ngazi tano, kuanzia maneno ya mwanzo na sentensi za mwanzo, zikapanda hadi aya fupi na aya ndefu, na mwisho hadithi ambazo mtu mzima humsomea mtoto. Mpango huu ni mzuri, lakini mkutubi wa Kiswahili asiutegemee peke yake. Ngazi zinafuata wingi wa maneno katika ukurasa, na katika lugha yetu hesabu ya maneno haipimi ugumu wa kusoma. Mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa kwa silabi, na sentensi ya maneno matatu ambayo mojawapo ni “wakamkimbilia” inamtaka avuke silabi saba kwa pumzi moja kabla hajalifikia neno la pili. Nimekuta hadithi za ngazi ya kwanza zinazowashinda watoto wa darasa la pili, na za ngazi ya tatu ambazo zinasomeka kwa wepesi kwa sababu zinarudia maneno mafupi yale yale kila ukurasa. Ile kanuni ya vidole vitano, ambapo mtoto hukunja kidole kwa kila neno linalomshinda na kukiacha kitabu vidole vikiisha, haisaidii hapa, kwani katika ngazi ya kwanza ukurasa mzima unaweza kuwa na maneno matano tu. Tulichofanya ni kuzipanga upya kwa alama za rangi, kijani kwa hadithi zenye maneno ya silabi mbili na tatu, njano kwa zinazochanganya, na nyekundu kwa zile za kusomewa. Ni kazi ya kukaa chini na kusoma kila hadithi kwa sauti, na sioni njia ya mkato.

Kusoma kila hadithi kabla ya kuichapisha kuna sababu nyingine pia. Tovuti hii iko wazi kwa watu wote kutunga na kufasiri, na ingawa hadithi zilizopitiwa na wahariri wenyewe zina alama ya kuzitambulisha, zilizobaki ni za kila namna. Ziko zilizoandikwa kwa Kiswahili safi chenye mdundo, kiasi cha kwamba watoto huzishika kwa moyo baada ya kuzisikia mara chache. Ziko nyingine ambazo dhahiri zimefasiriwa kwa haraka, sentensi zikawa zimekaa kama za Kiingereza, na mtoto akizisoma hutua mahali pasipostahiki. Kwa mwalimu wa lugha hilo si jambo dogo, kwani kwa watoto wengi hiki ndicho kitabu cha mwanzo kukishika ambacho si cha kiada. Leseni inaruhusu kusahihisha na kuchapisha toleo lako, nami naitumia ruhusa hiyo bila ya haya.

Kwa kuwa Kenya ilikuwamo tangu mwanzo na Tanzania haikuwamo, sehemu kubwa ya hadithi za Kiswahili ninazokutana nazo zina harufu ya bara. Mna ng'ombe wengi, mashamba ya mahindi, vilima, na watoto wanaoteka maji mtoni. Silalamiki kwamba mtoto wa Pemba anasoma habari za mifugo ya mbali, kwani vitabu kazi yake ni pamoja na hiyo, lakini rafu nzima inapokosa ngalawa, mikoko, maji makavu na mwezi wa Ramadhani, mtoto hujifunza pasi na kuambiwa kwamba mambo ya vitabuni ni ya watu wengine. Upungufu huu una dawa, nami nitaieleza baada ya kumaliza suala la karatasi.

Neno “bure” ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi katika huduma hii. Hadithi ni bure, karatasi na wino si bure. Hadithi ya kurasa 12, ukiongeza jalada la mbele na la nyuma, ukurasa wa anuani na ukurasa wa majina, huingia sawasawa katika kurasa 16, yaani karatasi nne za A4 zilizochapishwa pande mbili na kukunjwa katikati. Rimu moja ya karatasi 500 kwa hesabu hiyo hutoa nakala 125, na hapo ndipo huduma hii inapoanza kuleta maana: kwa gharama ya rimu moja na wino wake, darasa zima linapata hadithi kadhaa ambazo kila mtoto anashika nakala yake, badala ya kitabu kimoja kizuri kuzungukwa na vichwa arubaini. Ila mkutubi achague hadithi zilizochorwa kwa mistari. Picha za rangi nzito zikichapishwa kwa wino mweusi hugeuka mawingu, na wino huisha kabla ya karatasi.

Uchapishaji wenyewe una mitego. Programu ya kusomea PDF ina chaguo la kupanga kurasa kwa namna ya kijitabu, nalo lazima litumike, la sivyo kurasa hazitofuatana na hadithi haitoeleweka. Kisha printa iambiwe igeuze karatasi kwa upande mfupi; ikigeuza kwa upande mrefu, nyuma ya kila karatasi hutoka kichwa chini. Duka moja la kuchapishia lilitukabidhi rundo zima la namna hiyo na likashikilia kwamba ndivyo faili lilivyokuja. Tangu hapo tunadai nakala moja ya mfano, tunaikunja pale pale juu ya meza ya duka na kuifungua ukurasa kwa ukurasa, ndipo tunaruhusu nyingine zitolewe. Na anayetegemea printa ya skuli asiiache kazi hadi asubuhi ya kipindi. Tangu mwaka 2010 umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na mambo yamekuwa mepesi kuliko zama za majenereta, lakini bado unakatika bila ya kubisha hodi.

Halafu kuna suala la kuvifunga. Miongozo mingi inashauri pini mbili za stepula katika mkunjo, na ushauri huo haukuandikwa na mtu wa pwani. Kwa unyevu wetu pini hushika kutu katika msimu mmoja wa masika, kutu hula karatasi, na kurasa za katikati hudondoka. Uzi ni bora. Matundu matatu hutobolewa katika mkunjo kwa sindano nene; uzi wa pamba uliokunjwa mara mbili hupitishwa kutoka ndani kwa tundu la katikati, hurudi ndani kwa tundu la juu, hupita moja kwa moja hadi tundu la chini na kutokea nje, kisha hurudi ndani kwa tundu lile lile la katikati na kufungwa fundo. Watoto wa darasa la tano na la sita, ambao baadhi yao hushona kofia nyumbani, huifanya kazi hii kwa mikono myepesi kuliko yangu. Jalada la manila huongeza umri wa kijitabu. Gundi ya unga wa ngano isitumike hata kidogo, kwani ni karamu kwa mende na wadudu wengine wa makabatini.

Matokeo ya yote hayo ni kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwa tovuti: daftari la kuazima lilianza kujaa. Kijitabu cha karatasi nne kikipotea, hakuna kikao cha kuulizana, kinachapishwa kingine. Mtoto mmoja wa darasa la pili alimaliza kusoma chake akakishika kifuani na kuuliza, “Mwalimu, hichi nnaweza kwenda nacho nyumbani?” Kwa kitabu cha kununua ningelianza kumhoji juu ya mkoba wake, wadogo zake na mvua. Kwa hiki niliandika jina lake na namba ya kijitabu, akaenda nacho. Baadhi ya vijitabu hurudi na mafuta ya taa, vingine na alama za chai, na kwa mkutubi anayetaka kujua kama kitabu kimesomwa na watu wa nyumba, hizo ni habari njema. Katika skuli yenye mikondo miwili, ambapo mtoto wa asubuhi hutoka kwenda chuoni kusoma Kurani na chumba hukabidhiwa mkondo wa mchana, hakuna saa ya kukaa maktabani kwa utulivu, na kusomea nyumbani ndiko kusoma kwenyewe.

Iko pia programu ya simu, African Storybook Reader, inayohifadhi hadithi ili zisomwe pasipo na mtandao. Inamfaa mwalimu anayesimulia na mzazi mwenye simu yake. Kwa darasa zima haifai. Hazina nyingine inayofanana na hii ni StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyoanza mwaka 2015, nayo ina hadithi za Kiswahili na michoro ya kupendeza zaidi, ingawa mandhari yake mengi ni ya Kihindi. Na mwenye fungu la fedha asiache kununua vitabu vya Kiswahili vilivyochapishwa Tanzania, hasa vile vilivyotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991, kwa sababu uhariri wake unaaminika na vifungo vyake vinadumu. Vijitabu vya kukunja havishindani navyo. Vinamzoesha mtoto kuazima na kurudisha, hadi mkutubi athubutu kumpa na kitabu chenye jalada gumu.

Sasa ile dawa. Programu ya pili, African Storybook Maker, inamwezesha mtu kuandika hadithi katika simu na kuiwekea picha zake mwenyewe. Kwa Pemba, ambako ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, watoto hawana haja ya kuhangaika na mada. Msimu ukiingia viti vingi darasani huwa vitupu, na wanaorudi wanaijua kazi yote, kuchuma, kuchambua na kutenga makonyo (vikonyo vya karafuu), kuanika juu ya majamvi na kuyakunja mbio wingu likitanda, hadi kuzipeleka karafuu kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar. Kila hatua ni ukurasa mmoja wenye sentensi moja, na picha iliyochorwa kwa penseli kisha ikapigwa kwa simu mchana penye mwanga hutoka vizuri zaidi katika wino mweusi kuliko picha yoyote ya rangi. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa kisiwani humu, naye anangojea mtunzi.

Tahadhari yangu ni moja. Hadithi ikishawekwa hadharani katika tovuti, mtu yeyote aliye popote anaweza kuichukua, kuibadilisha na kutoa toleo lake. Mtoto aliyeitunga na wazazi wake waelezwe hayo kabla, wakubali kwa ridhaa yao, na jina kamili la mtoto pamoja na la skuli yake yasiandikwe. Wasiporidhia, hadithi ichapishwe kwa matumizi ya skuli tu, ishonwe kama nyingine, na itiwe alama yake ya kijani.