Tathmini: Darasa la jioni la insha za hoja, Mkuyuni, Mwanza

Mtu anayetafuta jijini Mwanza mahali pa kujifunza kuandika insha ya hoja, yaani insha inayoweza kumfanya msomaji mwenye msimamo tofauti aupime upya msimamo wake, hana machaguo mengi. Vituo vingi vya masomo ya ziada huigusa insha kama sehemu ndogo ya maandalizi ya mtihani wa Kiswahili, na mafundisho yake huishia kwenye utangulizi, kiini na hitimisho, pamoja na idadi ya maneno. Darasa ninalolitathmini hapa, linalofanyika jioni katika ukumbi wa kukodi eneo la Mkuyuni, linavuka mpaka huo, na kwa maoni yangu ada yake ya shilingi 60,000 kwa wiki sita inastahili kulipwa, ingawa zipo kasoro ambazo mwombaji anapaswa kuzijua kabla hajatoa fedha yake.

Kuhusu mazingira sina mengi ya kusema. Ukumbi una viti vya plastiki, feni moja na ubao mweupe ambao kalamu zake hukauka mara kwa mara. Wanafunzi wamechanganyika: vijana wa kidato cha sita, watumishi wa halmashauri wanaoandika maandiko ya miradi, wakili mmoja kijana, na mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa pale Kirumba Mwaloni ambaye, kama nitakavyoeleza, aliwafundisha wenzake mambo ambayo hayakuwa kwenye kijitabu cha kozi. Mwalimu ni mstaafu wa shule ya sekondari, mpole wa sauti na mkali wa kalamu.

Somo la kwanza linahusu dai, na hapo ndipo ubora wa darasa unapoanza kuonekana. Mwalimu hakubali mada igeuzwe kuwa dai. Wengi wetu tulikuja na sentensi za namna ya “Ziwa Victoria lina umuhimu mkubwa kwa wakazi wa Mwanza”, naye alizirudisha zote kwa swali moja: ni nani kati ya watu unaowafahamu atakayesimama na kuikana sentensi hii? Kama hayupo, hakuna wa kushawishiwa, na insha yote itakuwa maelezo yaliyovaa joho la hoja. Dai linalofaa ni lile ambalo mtu mwenye akili timamu na nia njema anaweza kulipinga, lililo finyu kiasi cha kutetewa katika kurasa mbili au tatu, na linalomwambia msomaji ni jambo gani hasa anaombwa akubali au atende. Kwa kipimo hicho, “uvuvi wa sangara usimamiwe vizuri” halitoshi, kwa sababu hata anayevua samaki wachanga usiku atakubaliana nalo. Lakini “kipimo cha chini cha sangara anayeruhusiwa kuvuliwa, yaani sentimita 50, kikaguliwe mwaloni, pale samaki wanaposhushwa kutoka majini, kabla ya samaki kupakiwa badala ya kusubiri vizuizi vya barabarani” ni dai, maana lina wapinzani, na wapinzani hao wana sababu zao.

Kipindi kilichofuata kiliwaumiza vijana wa shule. Mwalimu alipiga marufuku methali kutumika kama ushahidi. Sote tumelelewa katika insha zinazofunguliwa kwa “wahenga walisema”, na wengi huamini kwamba methali ikishatajwa, nusu ya kazi imekwisha. Aliandika ubaoni “Haraka haraka haina baraka”, kisha chini yake “Ngoja ngoja huumiza matumbo”, akatuomba tutetee kwa methali hizo hoja ya kuharakisha au kuahirisha ujenzi wa soko. Kila upande ulipata methali yake, na kila methali ilikuwa kweli, lakini soko halikujengwa wala kuahirishwa. Methali, alisema, humkumbusha msomaji jambo ambalo tayari amelikubali. Haiwezi kubeba jambo ambalo bado analikataa. Naona amepatia, ingawa ningemruhusu mwandishi aitumie methali baada ya ushahidi kusimama, kwa sababu msomaji wa Kiswahili hufurahia kuona hoja kavu ikipata sauti ya watu.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote, na ambayo peke yake ingetosha kulipia ada, ni ile ya kiungo kati ya ushahidi na dai. Mwalimu anaijenga juu ya kazi ya Stephen Toulmin, mwanafalsafa wa Uingereza ambaye mwaka 1958 alichapisha uchambuzi wa jinsi watu wanavyotoa hoja katika mambo ya kawaida ya maisha, mbali na mantiki ya kihisabati. Toulmin aliona kwamba kati ya ushahidi unaotajwa na dai linalotolewa huwa kuna kanuni ambayo mara nyingi haisemwi, nayo ndiyo inayoupa ushahidi haki ya kulitetea dai. Mwalimu huiita “kiungo”, na zoezi lake la kuifundisha lilichukua karibu wiki nzima.

Mada ya zoezi ilikuwa kama Ziwa Victoria lifungwe kwa miezi kadhaa kila mwaka ili samaki wazaliane. Karibu wote walioandika kuunga mkono walileta ushahidi uleule: shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, kwa hiyo jambo hilo linawezekana huku pia. Ushahidi ni wa kweli. Mwalimu hakuugusa. Alichouliza ni kiungo: ni kanuni gani inayosema kwamba kinachofaa katika ziwa moja kinafaa katika jingine? Ilipobidi kanuni hiyo iandikwe wazi, ndipo udhaifu ulipojitokeza. Ziwa Tanganyika lina kina kinachokaribia mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, ilhali Ziwa Victoria halizidi sana mita 80. Dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza, japo sokoni wanaitwa jina moja, ni samaki wa jamii tofauti. Sangara, ambaye ndiye anayelisha viwanda vya minofu vya huku, si wa asili katika Ziwa Victoria. Alipandikizwa katikati ya karne ya 20. Hata kisiasa hali si moja, kwa kuwa Tanganyika inamilikiwa na nchi nne na Victoria na nchi tatu, na ufungaji usiokubaliwa na majirani unaweza kuwaacha wavuvi wa upande mmoja wakitazama wenzao wakivua.

Hapo ndipo mama wa Mwaloni aliponyoosha mkono. Alisema kwamba wavuvi wa dagaa tayari hupumzika kila mwezi mbalamwezi inapokuwa kubwa, kwa kuwa taa zao hazivuti dagaa wakati anga lina mwanga, na kwamba mwandishi anayedai ziwa halipumziki kabisa anapaswa kwanza kueleza kwa nini mapumziko hayo hayatoshi. Mwalimu alimwambia, “Mama, hilo ndilo pingamizi ambalo insha zote hizi zimelikimbia,” akalifanya kuwa somo la siku iliyofuata.

Ninapenda kusisitiza kwamba zoezi hilo halikuwaangusha waunga mkono. Lilichofanya ni kuwalazimisha kulipunguza dai lao hadi lilingane na ushahidi walionao. Mmoja wao aliandika upya kwamba ufungaji wa Tanganyika unaonesha tu kuwa serikali za nchi zinazopakana zinaweza kukubaliana kusimamisha uvuvi kwa muda, na kwamba suala la muda na aina ya samaki wa Victoria linahitaji ushahidi wake lenyewe. Insha yake ilikuwa fupi kuliko ya mwanzo na ilishawishi zaidi. Maneno kama “kwa kawaida”, “katika mialo mingi” na “ikiwa majirani watakubali”, ambayo wanafunzi wengi huyaona kuwa dalili ya woga, humfanya msomaji mpinzani ashindwe kupata pa kushika.

Juu ya kumtendea haki mpinzani, darasa linafuata sharti linalohusishwa na mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers: usijibu hoja ya mwenzako kabla hujaieleza kwa namna ambayo yeye mwenyewe ataikubali. Tulibadilishana insha, na kila mmoja alipaswa kuandika aya moja ya msimamo wa mwenzake, kisha mwenzake aseme kama huo ndio msimamo wake. Wengi walishindwa mara ya kwanza. Waliandika kwamba wanaopinga kufungwa kwa ziwa “hawajali vizazi vijavyo” au “hawakupata elimu”, jambo ambalo ni kumshambulia mtu na kuiacha hoja yake ikiwa nzima. Mwalimu alifundisha pia mahali pa kuweka pingamizi, akashauri lisiachwe aya ya mwisho ambako msomaji huondoka nalo kichwani. Likiwa ni pingamizi ambalo kila mtu analo mdomoni, liwekwe mapema kabisa. Likiwa dogo, liingizwe ndani ya aya ya hoja inayolihusu na kujibiwa hapohapo.

Hisia zilipewa kipindi kimoja tu, nami nilitamani viwe viwili. Mfano uliotumika ulikuwa mgumu kwa watu wa ukanda huu: insha iliyofunguliwa kwa kuzama kwa kivuko cha MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, tarehe 20 Septemba 2018, ambako zaidi ya watu 220 walipoteza maisha. Mwandishi wake alihitimisha kwamba vivuko vyote vya ziwani vibadilishwe kwa madaraja, akitaja daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025 na lenye urefu wa takriban kilomita tatu. Ukumbi ulikuwa kimya alipomaliza kusoma. Mwalimu alisubiri kidogo, kisha akauliza msiba ule unathibitisha nini. Kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101 na kilibeba zaidi ya maradufu ya idadi hiyo. Kwa hiyo msiba unatetea kwa nguvu dai la kuhesabu abiria na kuwawajibisha wanaojaza vyombo kupita kiasi, kama ulivyotetea msiba wa MV Bukoba wa tarehe 21 Mei 1996. Hautetei dai la madaraja, ambalo linahitaji hesabu za gharama, umbali na kina cha maji. Aristotle aliyataja mambo matatu yanayomshawishi msikilizaji, yaani tabia ya msemaji, hisia za msikilizaji na mantiki ya hoja, na nilichojifunza jioni ile ni kwamba hisia ni halali pale inapolilia jambo lilelile linalothibitishwa na mantiki. Msomaji akigundua kwamba machozi yake yametumika kulipia bidhaa nyingine, imani yake kwa mwandishi hupungua katika kila kinachofuata.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni kwamba kijitabu cha kozi kimeugeuza uchambuzi wa Toulmin kuwa fomu ya visanduku sita: dai, ushahidi, kiungo, kitegemezo cha kiungo (sababu ya kukiamini kiungo), kikomo (maneno yanayolipunguza dai, kama “kwa kawaida”) na pingamizi. Kama chombo cha kukagua rasimu, fomu hiyo ni nzuri sana. Kama ramani ya kuandikia, inaharibu. Wanafunzi waangalifu walijaza visanduku vyote sita katika kila aya, na insha zao zikasomeka kama hati ya kiapo. Kiungo kinachokubaliwa na kila mtu hakihitaji kuandikwa. Kinaandikwa pale tu msomaji anapoweza kukitilia shaka. Mwalimu analijua hilo na alilisema kwa mdomo, lakini kijitabu hakilisemi, na ni kijitabu ambacho mwanafunzi huondoka nacho.

Ya pili inahusu hitimisho. Hapa darasa limebaki shuleni: tulielekezwa kurudia hoja zote kwa ufupi, kama mitihani inavyozoeleka kudai. Kwa mtahiniwa wa kidato cha sita ushauri huo ni wa busara. Kwa mtumishi anayeandika ombi la kurasa mbili kwa mkurugenzi wake, kurudia ni kupoteza nafasi ambayo ingetumika kusema hatua inayofuata ni ipi, ichukuliwe na nani na kwa fedha gani. Nilimweleza Mwalimu hivyo, naye akajibu kwamba darasa lina watu wa aina mbili na kijitabu kimoja. Ni jibu la kweli, lakini si suluhisho.

Kubwa zaidi kwa wenye haraka ni ucheleweshaji. Insha husahihishwa kwa mkono, kwa maelezo marefu pembezoni ambayo ni hazina, lakini hurudi baada ya siku nyingi, na insha yangu ya mwisho ilirudi kozi ikiwa imeshamalizika, ikiwa na swali pembeni la “utafiti gani, wa mwaka gani, katika mwalo upi?” ambalo ningependa kulijibu darasani. Anayejiandaa kwa mtihani au kwa usaili wenye tarehe aandike mapema na akabidhi rasimu wiki mbili za kwanza, wakati foleni ya kusahihishiwa bado ni fupi. Wanafunzi wa sekondari hupunguziwa ada wakija na barua ya shule, na malipo yanaweza kufanywa kwa awamu mbili. Stakabadhi hutolewa papo hapo, nayo itunzwe, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa siku ya kuchukua insha iliyosahihishwa.